SENETA ALIYEFUATA FEZA YA WATU



Katika masomo ya uraia tunafundishwa kwamba Bunge na Seneti ziko na kazi mbili kubwa: kutunga sheria na kuchunguza serikali. Kazi ya kwanza tunaielewa upesi. Ya pili inatupita mara mingi. Mutu anaketi kwenye kiti huko Kinshasa: atajua namna gani kama feza ya barabara fulani imetengeneza barabara, ao imeliwa? Tumeona vema kueleza neno hili kwa mufano wa seneta mumoja wa Marekani, Harry Truman. Yeye alisimamia feza ya watu tangu chini, katika sehemu ndogo ya jimbo lake, mpaka juu katika Seneti. Tena habari yake inafika mpaka inchi yetu, kama tutakavyoona.

1. Barabara za kaunti

Truman alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Missouri. Alikuwa mulimaji, kisha askari katika vita ya 1914-1918, kisha mwenye duka la nguo ambalo lilianguka mwaka 1922. Tangu 1927 mpaka 1934 alikuwa mukubwa wa kaunti ya Jackson. Kaunti ni karibu kama teritware ya kwetu. Cheo chake kiliitwa "juji", lakini hakukata kesi za watu. Alisimamia kodi, barabara na majengo.

Barabara za kule zilikuwa mbaya sana. Mwaka 1928 wananchi walipiga kura, wakakubali kaunti ikope dola milioni 6 na nusu ya kuzitengeneza. Feza kama hiyo inavuta watu wengi. Wakati ule siasa ya muji wa Kansas City ilikuwa katika mukono wa mutu mumoja, Tom Pendergast. Ni yeye aliyemusaidia Truman kupata kiti, na rafiki zake wenye kampani za ujenzi walikuwa wanangojea sehemu yao. Truman alifanya nini? Aliweka mainjinia wawili, mumoja wa chama chake na mumoja wa chama cha kupinga, ili wapime barabara na kupanga kazi. Kisha kazi ilipewa kampani yenye bei ya chini, hata kama ilitoka mbali. Rafiki za Pendergast walikasirika, lakini barabara zilitengenezwa.

Sherti tuseme na upande mwingine. Truman hakumukana Pendergast hata kidogo, wala wakati huyu alipofungwa mwaka 1939 juu ya kuficha kodi. Ndiyo sababu Truman alipoingia Seneti mwaka 1935, wengi walimuzarau wakisema ni seneta wa Pendergast, si wa Missouri.

2. Feza ya vita

Tangu mwaka 1940 serikali ya Marekani ilianza kutoa mabilioni ya dola kwa kujitayarisha kwa vita. Watu wa Missouri walimuandikia Truman: kwenye kambi ya askari inayojengwa, watu wanalipwa bila kufanya kazi, na vyombo vinaachwa kuoza kwenye mvua. Aliingia motokari yake mwenyewe akaenda kuona, kambi kwa kambi. Tarehe 10 Februari 1941 alisimama mbele ya Seneti, akaeleza mambo aliyoona, akaomba komite ya kuchunguza. Tarehe 1 Machi 1941 Seneti ilikubali. Wakampa dola 15,000 tu kwa kuanza.

Ubaya ulikuwa fasi gani? Mara mingi ulikuwa ndani ya mukataba wenyewe. Serikali ilimuahidi mujengaji kumurudishia gharama yake yote, na kumupa faida yake juu. Basi tufikiri kidogo. Mujengaji wa namna ile atajali bei ya misumari juu ya nini? Fundi akilala saa mbili chini ya muti, ni serikali inamulipa. Pasipo kuiba kitu, feza inamwagika kila siku.

Kisha neno lilipita feza. Mwaka 1943 wafanyakazi walieleza mbele ya komite kwamba katika kiwanda kimoja cha chuma huko Pennsylvania vipimo viliandikwa kwa uongo, ili chuma kisichofaa kipite. Mwaka uleule komite ilitangaza kwamba kiwanda kimoja huko Ohio kilitoa injini za ndege zenye kasoro. Askari aliye juu angani hawezi kushuka kutengeneza injini. Hapo tunaona kwamba kuhesabu feza ya watu ni kulinda watu wenyewe.

Komite ilifaulu kwa sababu ya namna yake ya kufanya. Iliuliza juu ya feza na kazi, haikuwafundisha majenerali kupiga vita. Ilikuwa na watu wa vyama vyote viwili, na ripoti zake walizikubali wote pamoja. Tena walitoka ofisini wakaenda kuona. Inakadiriwa kwamba uchunguzi ule uliokoa dola bilioni 10 mpaka 15.

3. Mulango mumoja uliofungwa

Sasa tufike kwetu. Katika mwaka 1943 komite ilisikia kwamba jeshi linatumia feza mingi sana fasi moja inayoitwa Hanford, katika jimbo la Washington, na hakuna anayeeleza sababu. Truman aliuliza. Mwezi wa Juni waziri wa vita, Henry Stimson, alimupigia simu akamuomba aache, kwa kuwa ni siri kubwa. Truman alikubali.

Siri ile ilikuwa kazi ya bomu la atomiki. Hanford ilitengeneza plutoni kwa njia ya uranium, na sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile yote ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu mwaka 1940 mawe ya Shinkolobwe, karibu tani 1,200, yalikuwa yamekwisha kufika New York. Truman alikuwa rais tarehe 12 Aprili 1945, Roosevelt alipokufa. Tarehe 25 Aprili ndipo alielezwa mambo yote. Mwezi wa Agosti mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki.

Wengine watasema alifanya vema, kwani adui angesikia. Ni kweli kwamba vita iko na siri zake. Lakini karibu dola bilioni 2 zilitumiwa pasipo mazungumuzo yoyote mbele ya watu, na wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuulizwa neno. Mwenye kuchunguza akisimama mbele ya mulango mumoja, anayeumia nyuma ya mulango ule hana wa kumusemea.

4. Na sisi?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema seneta ni mwakilishi wa jimbo lake, na anachaguliwa na baraza la jimbo. Kifungu cha 138 kinatoa njia za kuchunguza serikali: maulizo ya mudomo ao ya maandiko, kumuita waziri ajieleze, na komisyo ya uchunguzi kama ile ya Truman. Kifungu cha 197 kinapa baraza la jimbo kazi ya kuchunguza serikali ya jimbo, pamoja na kazi za serikali katika jimbo na za chini yake.

Njia basi ziko. Lakini tusisahau kwamba Truman alianza kwa barua za watu waliokuwa wakiona kambi ile kila siku. Mutu wa Kinshasa hawezi kujua peke yake. Anayepita barabara kwa miguu ndiye anajua tangu lini daraja limevunjika.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wa kila kilasi wafanye kazi hii: chagueni kisima, daraja ao jengo moja la watu wote karibu nanyi. Ulizeni kwa heshima: nani alitoa feza? Ngapi? Nani alipewa kazi, na nani alipima mwisho? Andikeni majibu, na fasi msipopata jibu, andikeni vilevile kwamba hamkupata.