Ua wa Waya na Ua la Bustani

Lugha yetu ina neno moja fupi lililobeba mambo mawili ambayo watu wengi huyadhania kuwa hayana ujamaa: kuna ua ambalo wingi wake ni maua, lichanualo bustanini na kuyafurahisha macho, na kuna ua ambao wingi wake ni nyua, uzungukao nyumba na kuihifadhi. Sidai kwamba wahenga walikusudia kuyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja. Lakini madhali yameishi pamoja vinywani mwetu vizazi kwa vizazi, nayachukua kuwa hoja ya makala haya, kwamba kinga ya nyumba si lazima iwe adui wa uzuri wake, na kwamba hata ua uliofumwa kwa waya mtupu, ambao aghalabu huhesabiwa kuwa ni wa magereza na viwanda, waweza kuwa pambo la maskani ukipata akili na mkono mwema.

Nayaandika haya nikiikumbuka Kinsevere, mahali palipo umbali wa kilomita 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, ambako ardhi nyekundu ya misitu ya miombo imefukuliwa kwa ajili ya shaba, na ambako mgodi umekuwa mikononi mwa kampuni ya MMG tangu mwaka 2012. Desturi ya migodi mikubwa duniani ni kwamba mali iliyo chini ya ardhi hulindwa kwa uzio ulio juu ya ardhi. Kwa hiyo mtu akaaye kando ya mgodi huujua wavu wa seng'enge kuwa amri kabla hajaujua kuwa chombo, na amri yenyewe ni fupi: usipite. Wala si ajabu, kwa sababu mji wenyewe wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ulikatwa tangu ujana wake kwa ukanda mtupu ulioachwa makusudi baina ya makazi ya Wazungu na mtaa wa Waafrika, na hivyo mpaka ukafundishwa kwa watu kuwa kitu cha kutenga, si kitu cha kupamba.

Lakini watu wa Katanga wana neno lao, nalo lina hekima kuliko amri hiyo. Kiwanja chenye nyumba, jiko, mwembe na watu wake wote huitwa lupango, na neno hilo ni la ukoo mmoja na lile la Kibemba lenye maana ya boma au uzio uzungukao makazi. Yaani maskani yote, pamoja na waliomo, imepewa jina la kitu kinachoizunguka. Mgeni akiuliza fulani anakaa wapi, huonyeshwa lupango kabla ya kuonyeshwa mlango, na hapo ndipo macho yake yanapoanza kumpima mwenye nyumba, akiona nguzo zilizolala au zilizonyooka, waya uliolegea au uliokazwa, magugu au maua. Uso wa nyumba, basi, huanzia kwenye uzio, na mtu atumiaye fedha zake zote kupaka rangi kuta huku akiuacha uzio ukianguka ni kama mtu avaaye kanzu safi na kilemba kilichoraruka.

Wavu wa seng'enge, ambao mafundi wa Lubumbashi waliorithi msamiati wa Kifaransa huuita griyaji, ulizaliwa katika ujamaa na nguo. Mwaka 1844, katika mji wa Norwich nchini Uingereza, ambao ulikuwa na sifa ya kale ya ufumaji, Charles Barnard alibuni mashine ya kufuma waya kuwa wavu kwa kuiga kitanda cha mfumi wa nguo, na tangu hapo chuma, ambacho watu walizoea kukiona kikifuliwa na kupigwa nyundo, kikaanza kufumwa kama pamba. Katika wavu tuujuao leo, kila uzi wa waya hukunjwa kwenda na kurudi, kisha huzungushwa kama parafujo mpaka ukaingia katika mikunjo ya uzi ulioutangulia, na hivyo huzaliwa yale matundu ya umbo la almasi. Kazi hii si ya viwanda vikubwa peke yake, maana katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mafundi huifanya kando ya barabara kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Tena ufumaji huo una fadhila ambayo wenye nyumba wengi hawaijui: waya mmoja ukikatika, fundi huufungua mwisho wake, akauzungusha na kuutoa, akatia mwingine mahali pake, na wavu ukarudi ulivyokuwa.

Chuma peke yake hakingedumu mvuani, kwa hiyo huvikwa zinki. Mfaransa Stanislas Sorel ndiye aliyepata hataza mwaka 1837 ya kukitia chuma safi katika zinki iliyoyeyushwa, na siri ya vazi hilo ni kwamba zinki hukubali kuliwa na unyevu kabla ya chuma, hata mahali palipokwaruzwa, ikawa mfano wa mlinzi anayejitoa kafara kwa ajili ya aliyekabidhiwa. Watu wa Lubumbashi wana haki ya kulisikiliza jambo hili kwa makini zaidi ya wengine, kwa kuwa Kipushi, mji ulio kilomita 30 hivi kutoka kwao, una mgodi wenye zinki nyingi ajabu, uliochimbwa tangu mwaka 1924 mpaka ulipofungwa mwaka 1993, kisha ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Madini yale yale yanayong'aa juu ya waya mpya yamo chini ya ardhi yao wenyewe. Kwa nini basi waya huo uwe mgeni katika bustani zao?

Huenda msomaji akasema kuwa ukuta wa matofali una hadhi zaidi, na kweli watu wengi wenye uwezo hupenda kuinua ukuta mrefu na kuupanda vipande vya chupa juu yake. Siwalaumu, maana usalama ni haki ya kila mtu; lakini ukuta una gharama zisizoandikwa katika hesabu ya fundi. Matofali ya Lubumbashi aghalabu hufinyangwa kwa udongo wa vichuguu vile vikubwa ambavyo ni alama ya nchi ya Katanga, kisha huchomwa kwa kuni, na kuni hizo hutoka katika miombo ambayo tayari imerudi nyuma mbali na mji kwa sababu ya makaa. Aidha, ukuta huificha nyumba pamoja na uzuri wake, hata bustani nzuri ikawa siri ya mwenyewe. Na humficha mwizi vilevile, kwani akishauruka hakuna jirani awezaye kumwona. Wavu huuzuia mguu upitao lakini huliruhusu jicho na upepo, mwenye nyumba akakaa barazani pake akaamkiana na wapitao, nao wapitao wakaona maua yake, na jirani akaona hatari kabla haijafika mlangoni. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, fungua uingie ndani. Lakini yule ambaye hatapata kuingia ndani, naye ana fungu lake katika uzuri wa nyumba, na fungu hilo hulipata akiwa njiani.

Hata hivyo, wavu uliosimamishwa vibaya ni aibu kuliko kutokuwa na wavu, na kosa la kwanza huwa katika nguzo. Katika nchi ya vichuguu, nguzo ya mti mbichi ni chakula cha mchwa. Heri mtu achague bomba la chuma lililovikwa zinki, au nguzo ya saruji yenye vyuma ndani, au, akitaka mti, uwe umetiwa dawa barabara. Kwa uzio wa kimo cha mita 1.5, shimo la sentimita 60 lafaa. Nguzo zisimame mita 2.5 hadi 3 baina ya moja na nyingine, na kamba ivutwe kutoka pembe hadi pembe ili vichwa vyote vifuate mstari mmoja, kwa sababu jicho la mwanadamu husamehe nguzo nyembamba lakini halisamehe nguzo iliyopinda. Nguzo za pembeni na za lango, ambazo ndizo zibebazo mvuto wote, zitiwe mihimili ya kuziegemeza, na saruji iachwe ikomae kwa muda wa siku 7 kabla ya kuvuta chochote. Hapo ndipo waya wa kukaza huvutwa katika mistari mitatu, juu, kati na chini, na wavu ukafungwa juu yake ukiwa umenyooshwa kama ngozi ya ngoma. Mnunuzi naye akumbuke kwamba kwa waya uuzwao kwa geji, namba ikizidi waya hupungua: geji 12 ina unene wa milimita 2.6 hivi, ilhali geji 16 ni milimita 1.6 tu, na huo wa pili, ingawa bei yake huvutia, hulegea upesi watoto wakiuparamia.

Baada ya unyofu huja rangi. Wavu mpya wa zinki humeremeta juani, na mmeremeto huo hulizuia jicho lisipite. Wavu uliofunikwa kwa plastiki nyeusi au ya kijani, kinyume chake, hujificha mbele ya majani, na mtu akitazama huona bustani kabla ya kuona waya. Asiyeweza kununua wa namna hiyo apake nguzo zake rangi moja ya kutulia, naye atashangaa jinsi jambo dogo hilo linavyoupa uzio wote murua. Kisha ije kazi iliyo tamu kuliko zote, ambayo ni kupanda. Lubumbashi iko juu, katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mvua zake huanza karibu na Novemba zikaendelea mpaka Machi au Aprili. Mtu akipanda mara mvua zinapoanza, mimea hupata miezi mizima ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Bugenvilia hupanda wavu kwa ukarimu na kustahimili ukame ikishakua. Pasheni huleta kivuli, ua la ajabu na tunda kwa pamoja. Na boga, ambalo majani yake machanga ni ile chibwabwa ipendwayo mezani, laweza kuugeuza upande wa jikoni kuwa shamba lililosimama wima. Hapo yale maneno mawili ya lugha yetu hukutana: ua la bustani likalala juu ya ua wa waya, na mpita njia asijue kinga imekoma wapi na pambo limeanzia wapi.

Naijua hoja ya faragha, nayo ni hoja ya heshima, kwa kuwa kila nyumba ina mahali pa kufulia, pa kupikia na pa kuogea watoto pasipostahili macho ya watu. Lakini faragha haidai kwamba uzio wote uzibwe. Yatosha kuuziba upande uhitajio stara, kwa mimea minene au kwa matete yaliyofungwa juu ya wavu, na kuuacha upande wa mbele ukipumua. Ila mwenye kufanya hivyo azidishe nguvu za nguzo za upande huo, maana wavu mtupu hupitisha upepo, bali wavu uliovikwa majani huushika kama tanga la jahazi, na dhoruba moja ya mwanzo wa masika yatosha kuuangusha.

Utunzaji wake si mzito, lakini hautaki uvivu. Chini ya wavu paachwe nafasi ya sentimita 5 hivi, ili udongo na majani yaliyooza visikae juu ya waya na kuula. Na kabla ya miezi ya mwisho wa kiangazi, wakati mioto ya nyika inapozagaa Katanga, nyasi zote za kando ya uzio zifyekwe, kwani moto huyeyusha plastiki, huharibu vazi la zinki, na kuua mimea iliyolelewa kwa mwaka mzima. Penye kutu papigwe msasa na kupakwa rangi yenye zinki mapema, na bawaba za lango zitiwe mafuta, kwa sababu lango ndilo mkono unaomlaki mgeni, na mkono huo ukilia na kukwama, salamu imekwisha kuharibika.

Limebaki neno moja, nalo ni la jirani. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, mwite jirani yako mtembee pamoja kwenye mpaka, mkubaliane mstari mbele ya watu wazima wa pande zote mbili, kisha uugeuzie upande wake ule uso ulio mzuri wa uzio wako. Maana mpaka uliokubaliwa huishi kwa amani, na mpaka uliolazimishwa hata ukiwa wa dhahabu huwa ni ugomvi uliosimamishwa juu ya nguzo. Ewe mkazi wa Kinsevere, na wewe wa Lubumbashi, na kila mwenye lupango popote alipo: waya ambao umeuona siku zote ukisema usipite, ufundishe kusema karibu. Nyosha nguzo, kaza waya, na mvua za Novemba zisikukute hujatia mbegu chini ya kila nguzo.