Ajali ya njia panda ina kinga



Juma lililopita nilisimama asubuhi kwenye mataa ya njia panda moja hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina, maana kila mmoja wenu anayo ya kwake inayofanana nayo. Nilimwona mama mmoja, ndoo ya samaki kichwani, mkono mmoja amemshika mtoto wa shule. Taa ya waenda kwa miguu iliwaka kijani, wakaanza kuvuka. Walipofika katikati, ikageuka nyekundu. Bodaboda za mbele zilikuwa zimekwisha kuchomoka. Mama yule hakuweza kusonga wala kurudi. Alisimama kwenye mstari mweupe, mtoto amembana kwenye paja, magari yakimpita mbele na nyuma.

Walivuka salama. Lakini muuza magazeti aliyekuwa kando yangu alitikisa kichwa, akasema, "Ndiyo hivyo mzee, ajali haina kinga."

Leo nataka kuubishia msemo huo. Ajali ya njia panda ina kinga, tena nyingine ni ya bei nafuu.

Tuanze na hesabu ya yule mama. Barabara yenye njia nne, kila njia upana wa mita 3.5, ina mita 14 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu mzima mwenye afya hutembea kiasi cha mita 1.2 kwa sekunde, hivyo huivuka kwa sekunde 12 hivi. Mzee mwenye fimbo, mtoto, au mama mwenye mzigo akienda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji sekunde 17 na ushei. Taa iliyopangwa kwa ajili ya yule kijana mwenye afya itamwacha mama huyu katikati kila siku, hata kama hana kosa lolote. Dawa yake ni mbili: kuongeza sekunde kwenye taa, na kujenga kisiwa cha zege katikati ya barabara, ili anayechoka apumzike mahali ambapo gari haliwezi kufika kwa urahisi. Kisiwa hicho kinaigawa safari moja ya mita 14 kuwa safari mbili za mita saba.

Jambo la pili ni mwendo. Dereva anayeona hatari huchukua kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo gari limekwenda mita nane, na kwa breki nzuri kwenye lami kavu litahitaji mita tano zaidi kusimama. Jumla ni mita 13. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa sheria yetu kwa maeneo ya mijini, gari huenda karibu mita 14 kabla breki haijashika, na jumla yake ni mita 28 hivi. Sasa fikirini mtoto anayejitokeza mita 15 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 atamgonga akiwa ndiyo kwanza anakanyaga breki. Wote wawili hawakuvunja sheria. Ndiyo maana mwaka 2020, katika azimio la Stockholm, mataifa yalihimizwa kuweka ukomo wa kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika.

Dereva hapunguzi mwendo kwa kuombwa na kibao peke yake. Hupunguza barabara inapomlazimisha. Tuta kabla ya kivuko, au kivuko chenyewe kikiinuliwa usawa wa njia ya miguu, hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Kona nayo ina lake. Ikichongwa pana, gari linalokata kushoto hupita bila kupunguza mwendo, na hapo ndipo mtu anapovuka. Kona ikibanwa, dereva atazunguka taratibu.

Jambo la tatu ni kuonana. Daladala ikishusha abiria mita chache kabla ya kivuko, anayevuka mbele yake haonwi na gari linaloipita. Kituo kikisogezwa mbele, baada ya njia panda, abiria atavuka nyuma ya basi, naye ataona na kuonwa. Meza ya biashara iliyobanana na kona inaziba macho vivyo hivyo. Simwonei mfanyabiashara mdogo. Nasema apatiwe nafasi hatua chache kando ya kona, maana wateja wake ndio hao wanaovuka.

Wapo watakaosema dawa ni madaraja ya juu. Pale TAZARA tulipata la Mfugale mwaka 2018, na Ubungo tukapata la Kijazi mwaka 2021. Ni kazi kubwa, na aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Ubungo hana haja ya kuambiwa. Lakini daraja la magari hutenganisha gari na gari. Anayetembea chini yake bado anahitaji kivuko, taa na sekunde zake.

Wengine watasema waenda kwa miguu wenyewe ni wakaidi. Ni kweli, wapo. Lakini kosa la kukosea hatua moja halistahili adhabu ya kifo. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hatuwezi kusema wote hao walikuwa wakaidi.

Wala sisemi mambo ya ndoto. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend limefanya kazi kwenye barabara zinazozunguka shule za msingi kwa vitu vya kawaida: njia za miguu, matuta, vivuko na alama. Mwaka 2019 mpango huo, SARSAI, ulipata tuzo ya kimataifa ya miji.

Basi tufanyeje? Kwanza tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA. Pili, msiende kwa mwenyekiti wa mtaa na malalamiko matupu. Simameni njia panda yenu na saa mkononi. Hesabuni taa inatoa sekunde ngapi, na bibi wa jirani anatumia sekunde ngapi kuvuka. Andikeni, mpeleke. Malalamiko ni rahisi kuyajibu kwa maneno. Hesabu hudai jibu la hesabu.

Yule mama wa samaki atapita pale pale kesho asubuhi. Anachohitaji ni sekunde chache zaidi.

Hadi juma lijalo, nawatakia safari njema.