Lushoto: Mji uliopewa jina la mfalme ambaye hakuwahi kuukanyaga

Wageni wengi wanaopanda Lushoto hufanya jambo moja tu. Wanakwenda Irente, wanapiga picha ukingoni, wanageuza gari. Kumbe vituko vya mji huu wanavipita njiani.

Safari yenyewe tayari ni kituko. Kutoka Mombo, barabara ya kilomita 33 hivi inapanda kwa kona kali hadi mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Chini joto, juu sweta. Asiyependa kutazama korongo akae upande wa mlima!

Hivi hapa vitu vinne ambavyo mgeni asivipite.

1. Jina la Kaiser

Enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaiser Wilhelm II. Maofisa walikimbilia huku kupumzika na joto la Pwani. Lakini Kaiser mwenyewe hakuwahi kufika Afrika Mashariki hata siku moja. Utawala wake uliondoka na Vita ya Kwanza ya Dunia, jina likaondoka nao. Majengo ya zamani bado yapo, na mengine yanatumika hadi leo.

2. Jibini la mlimani

Kabla ya kufika ukingoni Irente kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalotengeneza jibini, jamu na mkate mweusi mzito wa Kijerumani. Baridi ndiyo siri: huku peasi zinakubali, na ng'ombe wa maziwa wanastawi. Kutoka mjini ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu. Mbele kidogo mlima unakatika ghafla, na nyika inaonekana karibu mita 1,000 chini.

3. Vuga, mji mkuu wa kweli

Anayedhani historia ya huku imeanza na Wajerumani amepotea. Kabla yao, Usambara ilitawaliwa kutoka Vuga, mlimani upande wa Soni. Masimulizi ya Wasambaa yanasema Mbegha, mwindaji mgeni kutoka Nguu, aliua simba na kugawia watu nyama ya porini, nao wakamfanya mfalme. Ukoo wake, Wakilindi, ulikuja kuwa na nguvu kubwa. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, katika karne ya 19, utawala wao ulifika hadi Pwani. Mgeni asitegemee kukuta kasri. Cha kutafuta huko ni mzee wa kusimulia.

4. Ua dogo lililozunguka dunia

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli katika eneo la Usambara. Akalituma kwa baba yake Ujerumani. Leo ua hilo, Saintpaulia, linapandwa kwenye vyungu na kuwekwa madirishani Ulaya na Marekani.

Nyumbani kwake hali ni tofauti. Aina moja imepewa jina la Shume, juu ya Lushoto. Huko huko ndiko Wajerumani walikovuna miti ya mwangati na kuteremsha mbao kwa nyaya hadi reli ya Mkumbara. Baadaye mashamba nayo yakaendelea kula msitu. Ua hili linaishi kwa unyevu na kivuli, hivyo mti ukikatwa, jua linapiga mwamba na ua linakauka. Ndiyo maana aina zake kadhaa sasa ziko hatarini kutoweka porini, wakati vyunguni zimejaa.

Kwa hiyo mgeni akilikuta, apige picha tu. Asing'oe.

Msitu ulio rahisi kufikika ni Magamba, hifadhi ya mazingira asilia jirani na mji. Mbali na mbega weusi na weupe, waongoza wageni huonyesha pango linalosemekana kuchimbwa na Wajerumani wakati wa vita.

Kabla ya kupanda

Machi hadi Mei mvua hufanya njia ziteleze. Juni hadi Agosti baridi siyo mchezo. Kuingia msituni kuna kiingilio, na mwenyeji wa kuongoza ni muhimu. Vitu vingi hapa havina kibao, na bila mtu wa kueleza, mgeni ataona mawe na majani tu.