Kumfunza Mchambuzi Mpya wa Intelijensia

Mchambuzi wa intelijensia hupokea taarifa kutoka vyanzo mbalimbali, akazipima, akazilinganisha, kisha akamweleza kiongozi kinachoendelea na kinachoweza kufuata. Kwa kawaida si yeye anayekusanya siri, wala si yeye anayetoa amri. Kazi yake ni kupima mambo, na upimaji huo una makosa yake yanayojirudia kila mahali. Mafunzo ya msingi yaliyopangwa vizuri huanzia kwenye makosa hayo.

Mifano ya kufundishia si lazima itoke kwenye majalada ya siri. Wilaya ya Rungwe, Tanzania, inao mmoja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliweka kombania yao ya 5 ya askari huko Masoko, kusini mwa Tukuyu, mji ambao wakati huo uliitwa Neu Langenburg. Ng'ambo ya Mto Songwe ilikuwa Nyasaland ya Waingereza, na boma lao la karibu lilikuwa Karonga. Septemba 1914, Kapteni Barton alitoka Karonga na sehemu kubwa ya jeshi lake kwenda kuwakabili Wajerumani kuelekea Songwe. Wajerumani, chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller, walikuwa wameshavuka kwa njia nyingine. Majeshi mawili yakapishana. Asubuhi ya tarehe 9, boma lenye walinzi wachache likashambuliwa. Barton aliposikia milio ya risasi aligeuza askari wake, na mwishowe Wajerumani wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa.

Somo la kwanza ni kupima taarifa. Mwanafunzi huzoezwa kutenganisha kilichoonekana, kilichosimuliwa na kilichodhaniwa, kisha kuandika kila kimoja mahali pake. Majeshi mengi hutumia utaratibu wa herufi na namba: A hadi F kwa kuaminika kwa chanzo, 1 hadi 6 kwa uzito wa habari yenyewe. Viwili hivyo hupimwa mbalimbali, kwa kuwa mtu mkweli anaweza kuleta uvumi, na mwongo akaleta jambo la kweli. Tarehe nazo huwa mbili, ya tukio na ya habari kufika. Kwa mfano, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa, huko Sphinxhaven, Liuli ya leo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba nchi hizo mbili zimeingia vitani.

Somo la pili ni kukataa jibu la kwanza. Akili ya binadamu ikishapata maelezo yanayoridhisha hutafuta ya kuyaunga mkono tu. Richards Heuer, aliyefanya kazi CIA ya Marekani, alipendekeza njia ya kinyume: orodhesha maelezo yote yanayowezekana, kisha tafuta ushahidi unaoangusha kila moja. Anayesoma habari za Karonga kwa njia hiyo huuliza: adui akija, ana njia ngapi? Dalili gani ingeonyesha kwamba hatumii ile inayotarajiwa? Hapo pia hujifunza kwamba matokeo mema hayathibitishi uchambuzi mwema. Waingereza walishinda, lakini adui aliwapita bila wao kujua.

Somo la tatu ni lugha. Mwaka 1951, wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba kulikuwa na uwezekano mkubwa wa Yugoslavia kuvamiwa. Mwenzao Sherman Kent alipowauliza walimaanisha kiasi gani, wengine walisema asilimia 20, wengine 80, ingawa wote walikuwa wameridhia sentensi ileile. Kwa hiyo mafunzo huweka kipimo cha pamoja: "huenda", "yaelekea" na "karibu hakika" hupewa viwango vinavyojulikana kwa mwandishi na msomaji. Ripoti huanza na hitimisho, kwa sababu kiongozi ana muda mfupi, na sababu zake hufuata.

Somo la nne ni sheria. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1996, ilivyotungwa, ilikataza kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kupinga jambo kwa njia halali. Mwanafunzi asiyejua mpaka huo mapema atahesabu ukosoaji wa kawaida kuwa hatari, na uchambuzi wake utaharibika pamoja na haki za watu.

Kukariri masomo hakutoshi kumpima mwanafunzi. Hupewa rundo la taarifa zinazopingana, muda mfupi, na mkufunzi anayemhoji kila sentensi: umejuaje, na nini kingekufanya ubadili mawazo? Anayeweza kujibu maswali hayo mawili bila kujitetea ameiva kwa kazi.