Nani Atalipia Somo la Historia Bonde la Ufa?

Kila mwaka serikali ya Kenya hupiga hesabu ya fedha itakazotoa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na katika hesabu hiyo mna jambo ambalo ningependa wasomaji wa ukurasa huu walitazame pamoja nami. Anayesomea udaktari huhesabiwa kuwa ni ghali, anayesomea uhandisi naye ni ghali, na anayesomea historia, au mambo ya utawala na uraia, huwekwa daraja la chini kabisa. Sababu inayotolewa yaeleweka. Daktari anahitaji maabara, dawa na maiti za kujifunzia, ilhali mwanahistoria, kwa fikra za wapigaji hesabu, anahitaji kiti, chaki na mtu wa kusimama mbele yake akasema.

Mimi ni mtu wa Mombasa niliyehamia Nakuru kwa ajili ya biashara, na sijaona mahali katika nchi hii ambapo kasoro ya hesabu hiyo ni dhahiri kama hapa.

Ukitoka mjini Nakuru kwa matatu, kitambo si kirefu utafika Njoro, kilipo Chuo Kikuu cha Egerton. Kilianza mwaka 1939 kuwa shule ya ukulima, aliyoianzisha Maurice Egerton, lodi wa Kiingereza, kwa ajili ya vijana wa kizungu waliokuja kufanya ulowezi. Mwaka 1950 kikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1987 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kwa sheria ya Bunge. Jumba la fahari alilojijengea lodi huyo lingalipo, na watalii hupelekwa kuliona. Humo watasimuliwa kisa cha mwanamke aliyemkataa, mpaka mzee wa watu akawachukia wanawake wote. Kisa chapendeza. Ila mgeni aweza kuingia na kutoka asiulize nchi ile ilikuwa ya nani kabla ya lodi.

Ilikuwa nchi ya Wamasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa pande za Naivasha na Nakuru wakapelekwa Laikipia, na mwaka 1911 wakaambiwa waihame Laikipia nayo, waende kusini. Wengi wetu wa pwani tunadhani waliondoka kimya. Hawakunyamaza. Walishtaki, na kesi yao ya mwaka 1913 ilisikilizwa kwetu Mombasa, katika Mahakama Kuu. Walishindwa. Mahakama ilisema kwamba mikataba ile ni mapatano ya dola, na haimo katika uwezo wa mahakama kuyapima. Hoja hiyo yafaa mtu wa pwani aitegee sikio, kwa kuwa sisi nasi tuna mkataba wetu wa Disemba 1895, baina ya Waingereza na Sultani wa Zanzibar, juu ya ukanda wa maili kumi, na yale mapatano ya Oktoba 1963 yaliyoufunga. Mmasai na Mswahili walitiwa katika kalamu moja. Ni nani aliyewahi kuwaketisha darasani pamoja wakaisoma habari hiyo?

Nina mpwa wangu anayesomea ualimu wa historia na Kiswahili katika chuo kimojawapo cha bara. Ni kipi, hapana haja kutaja. Siku moja aliniuliza, "Mjomba, sisi watu wa pwani tulifika huku na reli?" Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Nikamwambia kuwa wazee wake waliitangulia sana. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alikuwa akizijua njia za Naivasha na Baringo kabla Mzungu hajazitia katika ramani, na ndiye aliyefuatana na Joseph Thomson mwaka 1883, kisha na Teleki baada ya miaka michache. Vitabu vikatoka kwa majina ya Thomson na wenziwe.

Nikamweleza pia habari ya Kedong, bonde lililo kusini ya Naivasha, ambako Novemba 1895 msafara mkubwa wa wapagazi wa Kikikuyu na Kiswahili, ukirudi kutoka Eldama Ravine, ulishambuliwa na Wamasai, wakauawa watu zaidi ya 600. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba msafara wenyewe ndio ulioanza uchokozi. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona haya hatukufundishwa, Mjomba?" Nikamwambia ayaandikie insha yake ya mwaka wa mwisho. Akacheka. Hapana nauli ya kwenda kwenye nyaraka, akasema, wala ya kulala Naivasha siku tatu akawahoji wazee.

Hapo ndipo ile hesabu ya kiti na chaki inapobomoka. Historia ina maabara yake, nayo ni nyaraka, makaburi, magofu, na vinywa vya wazee ambao hawatatungoja. Karibu kabisa na mji wa Nakuru pana kilima cha Hyrax, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, na ukipanda juu yake utaona mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Bao, mchezo ambao wazee wetu huucheza barazani baada ya alasiri! Mwanafunzi anayeona jambo hilo kwa macho yake hatalisahau, lakini hata kumfikisha hapo kwa basi ni gharama.

Sasa nieleze fedha zinavyokwenda. Kwa miaka mingi serikali ilitoa kiasi kimoja kwa kila mwanafunzi wake, awe wa tiba au wa ushairi, na mwanafunzi akaongeza karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Baadaye, baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikaletwa hesabu ya gharama ya kila kozi mbali, serikali ikaahidi kulipa asilimia 80. Haikuzifikisha, na vyuo vikaingia katika madeni. Mwaka 2023 ukaja mpango mwingine, wa kumpima mwanafunzi kwa umaskini wa nyumba yake, kisha akapewa ufadhili kiasi, mkopo kiasi, na wazazi wakatoa kilichobaki. Disemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mpango huo umevunja katiba, serikali ikakata rufani. Mwaka 2025, toka Septemba hadi mwanzo wa Novemba, wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma nchi nzima wakidai malimbikizo yao.

Katika mvutano wote huo, mzazi anayechanga karo hujiuliza swali moja: mtoto atapata kazi gani? Simlaumu, nami ningeuliza. Lakini ndiyo maana somo la historia halifai kuachiwa mfuko wa mzazi. Faida ya daktari huonekana kwa daktari mwenyewe na kwa mgonjwa wake. Faida ya mwanahistoria huwaendea watu wasiomjua, na pengine haionekani ila pale anapokosekana.

Hapa Bonde la Ufa alikosekana. Mwaka 1992 watu walifukuzana katika mashamba ya Molo. Januari 1998 damu ilimwagika Njoro yenyewe. Januari 2008 ikawa zamu ya Nakuru mjini na Naivasha. Kila mara vijana walioshika mapanga walikuwa na historia yao vichwani: huyu ni mgeni, yule ni mwenyeji, shamba hili ni letu toka zama za zama. Hiyo nayo ni historia, ila imefundishwa na wanasiasa jukwaani, na haikugharimu serikali hata senti. Tume zikaundwa, ya Akiwumi, kisha ya Waki, kisha ile ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, yenye maelezo marefu juu ya dhuluma za ardhi, za Bonde la Ufa na za pwani vilevile. Ripoti zipo. Wanaozisoma ni wachache, na wa kuwafundisha wengine kuzisoma ni wachache zaidi.

Njoro hiyo hiyo ina kituo cha utafiti ambako mbegu za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili zipimwe kama zitahimili ugonjwa wa kutu. Mataifa huchangia, na ni vyema, kwa kuwa njaa haina mpaka.

Yupo atakayeniambia kuwa natafuta balaa. Serikali ikitoa fedha za historia na uraia itataka kusifiwa, na somo litageuka nyimbo za kumshangilia mkubwa. Hofu hiyo ina msingi. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia katika Chuo cha Kenyatta, alikamatwa mwaka 1982 akafungwa miaka sita, na wahadhiri wengine wakawekwa kizuizini. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Na mkono uliojaa nao hulambwa mno. Kwa hiyo mimi sitaki fedha zitoke kama fadhila ya waziri fulani. Zitengwe kwa sheria, kwa ajili ya nyaraka, safari za utafiti na kazi za walimu, na yatakayofundishwa yaamuliwe na wasomi wenyewe.

Jirani zetu Watanzania wamekwenda njia yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo tangu mwaka 1973, na kwa mtaala wa mwaka 2023 shule zao zimeanza somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Sisemi kila kinachofundishwa humo hakina kasoro; maadili yakiandikwa na serikali yahitaji kusomwa kwa jicho kali. Lakini wao wameamua kwamba jambo hili ni la kulipiwa.

Kwetu, Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia darasa la 10, na huko Historia na Uraia ni somo la hiari, katika mkondo wa sayansi za jamii. Lengo lililotangazwa ni kwamba wanafunzi 60 katika kila 100 wafuate mkondo wa sayansi na ufundi. Waliochagua historia watabisha hodi vyuoni mwaka 2029. Mpwa wangu, Mungu akipenda, atakuwa keshahitimu, na amekwisha kuniambia kwamba ule mwaka wake wa mwisho anafikiri kuandika juu ya matumizi ya methali katika magazeti, kwa sababu magazeti anayapata palepale maktabani bila ya nauli.