Ukishamtoa mpangaji, deni unalidai wapi?

Mwenye nyumba wa Balambala, Garissa, anayedai kodi ya miezi minne hana haja ya kutafuta silaha mbali. Kufuli ipo dukani. Mpangaji wake, tuseme ni mwalimu, akirudi jioni anakuta mlango umefungwa, godoro na sufuria ziko ndani, na anaambiwa hafunguliwi mpaka alete pesa. Wengi huona hiyo ndiyo njia ya mkato. Kisheria, mwenye nyumba huyo amejipunguzia nafasi ya kulipwa.

Sheria ya Kenya, Sura ya 293, inamruhusu kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi iliyolimbikizwa. Kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, anayeandika orodha ya vitu na kumpa mdaiwa muda wa kuvikomboa kabla ya mnada. Kama ni nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na katika mji mdogo si ajabu kupata chumba cha bei hiyo, Sura ya 296 inataka kibali cha baraza la kodi kwanza. Mwenye duka au hoteli aliyepanga bila mkataba wa maandishi naye ana baraza lake, chini ya Sura ya 301.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haki ya kukamata mali imefungamana na upangaji. Kodi inadaiwa hivyo mpangaji akiwa bado ndani. Ukishavunja upangaji na kumtoa, haki hiyo imetoka naye, na kilichobaki ni deni la kawaida la kupelekwa mahakamani. Tena kukamata mali ni kwa ajili ya kodi peke yake. Kioo kilichovunjika na bili ya maji havimo.

Basi tuseme ameshaondoka. Kodi ilikuwa 6,000, hajalipa miezi minne: 24,000. Toa dipoziti ya 6,000, zinabaki 18,000. Ongeza 4,500 za mlango na kioo, deni ni 22,500. Hesabu ni rahisi. Kazi ni kuithibitisha. Hakimu atauliza mlango ulikuwaje siku mpangaji alipoingia, na aliyevunja ni nani. Rangi iliyopauka kwa jua la Garissa ni uchakavu wa kawaida, mpangaji hailipii. Ukuta ulioliwa na maji Mto Tana ulipofurika, kama Novemba 2023, nao si wake. Na wale vijana uliowalipa kutupa vyombo nje bila amri ya mahakama, gharama yao ni yako mwenyewe. Palipokuwa na amri, gharama za kuitekeleza huweza kuongezwa kwenye deni.

Kinachosaidia hapa ni kaunta buku: mwezi, kiasi kilicholipwa, nambari ya ujumbe wa M-Pesa, sahihi ya pande zote mbili, na ukurasa wa kwanza wenye orodha ya vitasa, vioo na balbu siku ya kukabidhi funguo. Mimi ningemwamini mwenye buku hilo kuliko mwenye mashahidi kumi.

Deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ya 2016 inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Lakini mpangaji naye husikilizwa hapo hapo. Akithibitisha kwamba kufuli yako ilimharibia mali, hasara hiyo inakatwa kwenye deni lako, na huenda wewe ndiye ukatoka unadaiwa.

Kadhi hana mamlaka katika jambo hili. Ibara ya 170 ya Katiba inampa ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kati ya Waislamu. Chifu anaweza kupatanisha ila hawezi kuamuru mnada. Maslaha ya wazee ni njia halali, Ibara ya 159 inaitambua, na kwa deni la 22,500 nadhani ni busara kuanzia hapo, mradi makubaliano yaandikwe na tarehe za malipo zitajwe.

Inabaki shida ya mpangaji aliyehama kaunti. Baada ya mashambulizi dhidi ya walimu ya Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na mtu anayeondoka kwa hofu hakumbuki kufunga hesabu na mwenye nyumba. Hukumu humfuata aliko: mahakama inaweza kumwamuru mwajiri akate mshahara, lakini theluthi mbili haziguswi. Nguo na matandiko ya familia nayo hayakamatwi. Muda wa kudai kodi ni miaka 6, na kila mwezi una tarehe yake, kwa hiyo mwezi wa kwanza ambao hukulipwa ndio utakaokupotea mwanzo.