Cheti cha Kuzaliwa na Thamani ya Umri: Usajili wa Kimataifa wa Vijana wa Besiboli na Funzo Lake kwa Kijana wa Ikonda

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna klabu za besiboli za Marekani zinavyosaka na kusajili vijana kutoka nje ya nchi hiyo, na kwa nini tarehe ya kuzaliwa imekuwa na uzito mkubwa katika shughuli hiyo. Kwa kutumia mifano ya Jamhuri ya Dominika na Uganda, makala inaonesha kwamba kipaji peke yake hakimvushi kijana mpaka. Kinachomvusha ni kipaji kilichoambatana na umri unaothibitika. Hoja kuu ni kwamba cheti cha kuzaliwa kinachoaminika zaidi ni kile kilichotolewa kabla ya mtu yeyote kujua kwamba mtoto ana kipaji. Hoja hiyo inapimwa katika mazingira ya Ikonda, wilayani Makete, mkoani Njombe.

1.0 Utangulizi

Ikonda ni kijiji cha nyanda za juu kinachofahamika zaidi kwa Hospitali ya Consolata, ambayo hupokea wagonjwa kutoka mikoa mingi. Kijana mwenye kipaji cha michezo anayekulia huko huonekana kwanza katika mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, ambayo hupanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Mchezo unaotawala ni mpira wa miguu. Mkoa wa Njombe umewahi kuwa na timu katika Ligi Kuu ya Tanzania, Njombe Mji, iliyocheza msimu wa 2017/18 na kushuka daraja msimu huohuo. Besiboli bado ni changa nchini. Ilianza kuota mizizi shuleni kwa msaada wa Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam ina uwanja uliojengwa kwa ajili yake.

Kwa nini basi besiboli ichunguzwe kwa ajili ya kijana wa Ikonda? Sababu ni mbili. Kwanza, mchezo huu umekwisha kubisha hodi Afrika. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, katika ngazi za chini za klabu hiyo. Pili, katika besiboli uhusiano kati ya umri na fedha hauna kificho, kwa hiyo mtafiti anaweza kuona bayana jambo ambalo katika michezo mingine hufunikwa na mengi.

2.0 Utaratibu wa Kusaka na Kusajili

Vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico huingia katika klabu kwa uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu hupokezana zamu ya kuchagua. Kijana wa nchi nyingine hayumo katika uteuzi huo. Yeye anaweza kusajiliwa na klabu yoyote akiwa na umri wa miaka 16, kwa masharti yanayohusu tarehe atakayotimiza miaka 17. Kwa utaratibu wa sasa, dirisha la usajili hufunguliwa Januari 15. Tangu mwaka 2017 kila klabu imewekewa kikomo kisichovukika cha fedha za kusajilia vijana hao. Hata hivyo, malipo yasiyozidi dola 10,000 kwa mchezaji mmoja hayahesabiwi katika kikomo hicho. Kanuni hiyo ndogo ina maana kubwa kwa nchi ngeni katika mchezo: klabu inaweza kujaribu bahati yake kwa kijana asiyejulikana bila kupunguza fungu lililotengwa kwa vijana wanaogombewa.

Kitovu cha utaratibu huu ni Jamhuri ya Dominika, ambako klabu zote 30 zina vituo vya mafunzo. Kabla ya kufika vituoni, watoto hulelewa kimchezo na wakufunzi binafsi wanaoitwa buscones kwa Kispania. Wakufunzi hao huwapa chakula, malazi na mazoezi, kisha huchukua sehemu ya fedha za usajili siku mkataba unapotiwa saini. Kwa kuwa ushindani ni mkali, makubaliano ya mdomo hufikiwa miaka kadhaa kabla ya umri wa kusajiliwa, mtoto akiwa na miaka 13 au hata chini ya hapo. Makubaliano hayo hayana nguvu ya kisheria. Klabu ikibadili nia, mtoto aliyekwisha kuacha masomo hana pa kushtaki. Aidha, wengi wa wanaosajiliwa hawafiki Ligi Kuu.

3.0 Umri kama Bei

Skauti anapomtazama kijana hanunui uwezo aliouona siku hiyo. Ananunua uwezo anaoukisia utakuwapo baada ya miaka mitano. Mrushaji wa miaka 16 anayerusha mpira kwa kasi ya maili 90 kwa saa, yaani takriban kilomita 145, anatarajiwa kuongeza misuli na kasi. Mrushaji wa miaka 20 mwenye kasi hiyohiyo huonekana amekaribia mwisho wa kukua. Wawili hawa wanaweza kufanana kwa kila kitu kinachoonekana uwanjani, lakini bei zao zikawa mbali kama mbingu na ardhi. Tofauti hiyo haimo mkononi mwa mrushaji. Imo katika karatasi.

Ndiyo maana karatasi hughushiwa. Mwaka 2006 Washington Nationals walimsajili kijana wa Kidominika kwa dola milioni 1.4 wakiamini ana miaka 16. Mwaka 2009 ilibainika kwamba jina alilotumia halikuwa lake na kwamba alikuwa na miaka minne zaidi. Mwaka 2012 mrushaji wa Cleveland aliyejulikana kama Fausto Carmona alitambuliwa kuwa Roberto Hernández, mwenye miaka mitatu zaidi ya iliyoandikwa. Ukaguzi wa viza ulipokazwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, mamia ya wachezaji waligundulika kuwa na taarifa za umri zisizo sahihi.

Kutokana na matukio hayo, uchunguzi wa nyaraka umekuwa sehemu ya usajili. Wachunguzi huenda shuleni, hospitalini na kwa majirani. Wakati mwingine vipimo vya vinasaba na vya mifupa vimetumika. Vipimo vya mifupa, hata hivyo, hukisia umri tu. Haviwezi kutaja tarehe. Ushahidi wa tarehe hubaki katika kumbukumbu iliyoandikwa mtoto alipozaliwa au muda mfupi baadaye. Hapa ndipo kijana mkweli huumia pamoja na mghushi, kwani asiye na kumbukumbu hana namna ya kujitofautisha na aliyeghushi.

4.0 Uganda: Kipaji Kilichozuiwa Mlangoni

Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kucheza Mashindano ya Dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu. Haikusafiri. Maofisa wa Marekani walikataa kutoa viza kutokana na tofauti zilizoonekana katika taarifa za umri na kuzaliwa kwa baadhi ya wachezaji. Nafasi yake ilichukuliwa na timu nyingine, na mapema mwaka 2012 watoto wa Kanada ambao wangepambana nayo walisafiri hadi Uganda kucheza nao. Mwaka huohuo timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ilifika Williamsport na kushinda mchezo mmoja.

Tukio hilo halithibitishi kwamba kila mtoto wa timu ya 2011 alidanganya umri. Linathibitisha jambo jingine: mashaka juu ya karatasi za wachache yalitosha kuifungia mlango timu nzima. Tanzania nayo imewahi kuonja adhabu ya namna hiyo katika soka. Mwaka 2005 timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za vijana walio chini ya miaka 17 kwa kosa la umri.

5.0 Hali ya Kijana wa Ikonda

Kijana wa Ikonda anaukabili mfumo huu akiwa na mambo matatu yanayohitaji kuangaliwa kwa pamoja.

La kwanza ni wakati wa usajili wa vizazi. Mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bila malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, uliingia Njombe mwaka 2016. Mtoto aliyekuwa na miaka minne wakati huo atatimiza 16 mwaka 2028. Waliomzidi umri hawakuwa walengwa wa mpango huo, na ambao hawakusajiliwa awali hulazimika kufuata njia ya usajili uliochelewa.

La pili ni mipaka ya utawala. Njombe imekuwa mkoa tangu mwaka 2012. Kabla ya hapo Makete ilikuwa mkoani Iringa. Ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja wanaweza kuwa na mikoa miwili tofauti ya kuzaliwa. Kwa mwenyeji jambo hili halina utata. Kwa mkaguzi aliye mbali, asiyejua historia ya mikoa, ni tofauti inayotia shaka.

La tatu ni uyatima. Njombe imekuwa miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, na Makete iliathirika mapema. Watoto wengi walilelewa na bibi na babu. Mlezi wa namna hiyo huenda akakumbuka msimu mtoto alipozaliwa lakini asiikumbuke tarehe, na kadi ya kliniki huenda ilipotea mama alipofariki. Pia ndiye anayetarajiwa kutia saini kwa niaba ya mtoto, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Umri usiothibitika unaondoa ulinzi huo pia: asiyeweza kuonesha kwamba ana miaka 15 hawezi kudai kwamba alisainishwa mapema mno. Kanuni za FIFA, ambazo kwa kawaida huzuia uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, nazo zinategemea tarehe hiyohiyo.

Inaweza kudaiwa kwamba usajili uliochelewa unatosha, kwa kuwa sheria inauruhusu na cheti chake ni halali. Kisheria dai hilo ni sahihi. Lakini mchunguzi wa klabu au ofisa wa viza huuliza pia cheti kilitafutwa lini na kwa sababu gani. Cheti kilichoombwa baada ya skauti kufika huonekana kimetengenezwa kwa ajili ya skauti, hata kama kila neno lililomo ni kweli. Kilichotolewa mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake hakina wa kukitilia shaka hiyo, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na aliyetarajia kufaidika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; kwa kijana mwenye kipaji, mali yenyewe ni miaka yake.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba usajili wa kimataifa wa vijana wa besiboli ni biashara ya makisio yanayoegemea umri, na kwamba mzigo wa kuthibitisha umri humwangukia kijana ambaye hakuwa na uwezo wa kujisajili alipozaliwa. Viwanja na makocha vina umuhimu wake, lakini hatua ya kwanza ya kumlinda mchezaji wa baadaye hufanyika kliniki na katika ofisi ya kata. Kwa walio nje ya mpango wa 2016, shule zinazoandaa wachezaji wa UMITASHUMTA zinaweza kuwasaidia walezi kuanza usajili uliochelewa mtoto angali darasa la tatu au la nne, kabla jina lake halijavuka Makambako. Utafiti zaidi unaweza kulinganisha rejista za shule, za ubatizo na za kliniki katika kata za Makete, ili kubaini ni kumbukumbu ipi inayohifadhi tarehe za kuzaliwa kwa uthabiti zaidi pale ambapo mzazi hayupo tena kuzieleza.